Kipepeo wa kivulini aliyetoweka: uchambuzi wa kisa cha wafugaji wa vipepeo karibu na Malindi, 2019–2024

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wafugaji wa vipepeo wanaoishi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini-magharibi mwa mji wa Malindi. Jina la kikundi, la kijiji na la wahusika yameondolewa, na baadhi ya mambo ambayo yangemfanya jirani atambue shamba la nani linazungumzwa yameachwa nje. Mimi nilikuwa nikikisaidia kikundi kutunza kumbukumbu zake, na makosa mawili kati ya yale nitakayoyaeleza ni yangu mwenyewe.

Mahali na kazi

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkavu wa pwani ulio mkubwa kuliko yote iliyobaki katika Afrika Mashariki. Mtu akiutazama kutoka barabara ya Malindi kwenda Mombasa huuona kama kitu kimoja, lakini ndani yake kuna misitu mitatu: upande wa mashariki, unaopata mvua nyingi zaidi, kuna msitu mchanganyiko wa miti ya namna nyingi, katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna miti ya mirihi iliyosimama mbali mbali, na magharibi, kwenye udongo mwekundu, kuna kichaka kizito cha miti ya mifunda. Upande wa mashariki hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na kadiri mtu anavyokwenda kaskazini-magharibi ndivyo mvua inavyopungua. Tofauti hiyo, ambayo mgeni haioni, ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha kisa chetu.

Msitu huu una aina zaidi ya 250 za vipepeo. Mwaka 1993 ulianzishwa Gede, kwenye kiwanja cha magofu, mradi wa Kipepeo, ambao uliwafundisha watu wa ukingoni kufuga vipepeo na kuuza pupa wao, yaani viwavi waliojifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa vipepeo, kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Hadi wakati huo watu wengi walitamani msitu ukatwe ugawanywe mashamba. Kikundi tunachokizungumzia ni cha watu wasiofika ishirini, wengi wao kina mama, ambao walijifunza kazi hiyo miaka mingi iliyopita na kuifanya kuwa chanzo cha karo za shule.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mfugaji hutega vipepeo wa mbegu msituni kwa kibali, mara nyingi kwa kutumia ndizi zilizoiva hadi kuchacha. Huwaweka ndani ya kizimba cha neti pamoja na miche ya mti ambao viwavi wao wanaula, jike hutaga, na mayai yakianguliwa viwavi hulishwa majani mabichi, au hufungiwa kwenye tawi la mti uliosimama kwa mfuko wa neti ili nyigu na sisimizi wasiwafikie. Kiwavi akishiba hujining'iniza na kuwa pupa. Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu, kwa kuwa pupa lazima akusanywe, apangwe kwenye pamba, asafirishwe kwa ndege na kufika kwa mnunuzi kabla hajapasuka. Pupa akipasuka njiani, kipepeo hutoka ndani ya sanduku asipate nafasi ya kunyoosha mabawa, na mabawa yakishakauka yakiwa yamekunjamana hayanyooki tena.

Kikundi kilitegemea zaidi aina mbili. Ya kwanza ni Papilio demodocus, kipepeo wa milimau, anayepatikana karibu kila mahali Afrika kusini mwa Sahara. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, akikua huwa wa kijani, na akiguswa huchomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Ya pili ni Euphaedra neophron, ambaye hapa nitamwita kipepeo wa kivulini, maana ndivyo alivyo: mweusi mwenye ukanda wa dhahabu kwenye bawa la mbele na rangi ya zambarau inayong'aa, anaruka chini chini kwenye vijia vya msitu, anakula matunda yaliyoanguka, na ni nadra kumwona juani. Viwavi wake hula majani ya Deinbollia, mti mdogo wa chini ya kivuli wenye matunda ya rangi ya chungwa. Huyu ndiye aliyeleta bei nzuri, na huyu ndiye aliyetoweka.

Yaliyotokea kwa mfuatano

Vuli ya mwaka 2019 ilikuwa ya mvua kubwa kupita kawaida, kwa kuwa Bahari ya Hindi ilikuwa imepata joto upande wetu wa magharibi kuliko upande wa Indonesia. Mwanzoni mwa 2020 vipepeo walijaa hata watoto wakawa wanawakamata kwa kanga. Kisha mwezi wa Machi janga la korona likafunga nyumba za maonyesho ng'ambo, oda zikakatika, na wafugaji wengi wakaacha vizimba vyao vikaanguka. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi hakuna aliyeandika chochote kwenye daftari. Pengo hilo lilitugharimu baadaye, kwa sababu ndicho kipindi hasa ambacho hali ya hewa ilianza kubadilika.

Vuli ya 2020 ilikuwa duni. Masika ya 2021 yakawa duni, vuli yake pia, masika ya 2022 pia, na vuli ya 2022 pia: misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha katika eneo kubwa la Pembe ya Afrika na mashariki mwa Kenya. Mwezi wa Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia.

Oda zilianza kurudi katikati ya 2021. Kikundi kikarudi msituni kutega, na mitego ikaleta vipepeo wa milimau na wengine wa kawaida, lakini kipepeo wa kivulini hakuonekana isipokuwa mmoja mmoja. Katika mkutano wa kwanza, uliofanyika chini ya mwembe wa mwenyekiti, yalitolewa maelezo matatu. Wazee wawili walisema tumetega kupita kiasi na msitu umechoka. Vijana walisema ni nyigu, kwa kuwa viwavi kadhaa walikutwa wamekufa na vitundu vidogo ubavuni. Mimi nilisema kwamba dunia inapata joto, na kwamba vipepeo duniani kote wanahama kufuata baridi, kwa hiyo huenda hawa nao wamehama. Nililisema jambo hilo kwa uhakika ambao sikustahili kuwa nao, na nitalirudia katika uchambuzi.

Wakati huohuo kulitokea tatizo jingine ambalo kwa miezi kadhaa tulidhani halihusiani na la kwanza. Pupa wa milimau walianza kupasuka njiani. Mnunuzi alilalamika mara mbili, na mara ya tatu akakata malipo. Wafugaji walilaumiana, kila mmoja akimshuku mwenzake kuwa analeta pupa wazee.

Mwishoni mwa 2022 mama mmoja, mkubwa kwa umri kuliko wote kikundini, ambaye hakuwa amesema chochote katika mikutano, aliniita.

"Mwanangu, nyinyi mnamtafuta mdudu. Njoo nikuonyeshe kuni."

Nilimwita mama kama wote wanavyomwita, nikamfuata. Alinipeleka kwenye kijia ambacho alikuwa akiokota kuni tangu ujana wake. Miti ya Deinbollia ilikuwa imesimama pale pale ilipokuwa siku zote, lakini mingi ilikuwa imepukutisha majani, na iliyobaki nayo ilikuwa na majani makavu, magumu kama ngozi ya ngoma. Kiwavi aliyetoka kwenye yai leo hawezi kuling'ata jani la namna hiyo. Tulipofika bondeni, mahali ambapo maji ya mvua hutuama, tukakuta miti michache yenye machipukizi laini, na juu ya jani moja, kiwavi wa kijani mwenye miiba ya kando iliyotandazwa kama manyoya. Ni yeye. Hakuwa amehama kwenda popote, alikuwa amebanwa katika kishimo kimoja chenye unyevu.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa mwaka 2021, ulikuwa kusimamisha utegaji wa kipepeo wa kivulini kwa msimu mzima. Sababu yake ilikuwa ya heshima: kama tatizo ni mkono wa binadamu, mkono uondolewe kwanza. Haukurudisha kipepeo, lakini ulituondolea dhana moja, maana msimu ulipita bila mtego hata mmoja na hali ikabaki vilevile.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupanda milimau na midimu kwa wingi. Kipepeo wa milimau alikuwa bado anapatikana, mche wake unauzwa sokoni Gede na Malindi, na familia zilihitaji pesa mwezi huo. Mtu anayedaiwa karo hawezi kuambiwa asubiri mti wa msituni ukue. Niliunga mkono uamuzi huu, na hadi leo nadhani ulikuwa wa lazima, ingawa ulitupotosha kwa namna nitakayoieleza.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukataa pendekezo la vijana la kununua mbegu ya kipepeo wa kivulini kutoka msitu wa mbali wa kusini. Hoja yao ilikuwa nzuri: kama hapa hayupo na kule yupo, aletwe. Tuliwajibu kwamba wadudu wa mbali huweza kuja na maradhi na nyigu wao, kwamba damu ya huku ingechanganywa na ya kule kabla hatujajua kama ya huku imekwisha, na kwamba mahali palipokosa jani la kumlisha mwenyeji hapawezi kumlisha mgeni. Hoja ya tatu ndiyo iliyowashawishi.

Uamuzi wa nne ulihusu pupa waliopasuka. Kijana anayetunza daftari alipendekeza kwamba badala ya kulaumiana tuandike tarehe ambayo kila kiwavi amegeuka pupa, na mahali kizimba kilipo. Ndani ya wiki sita picha ilikuwa wazi. Vizimba vilivyoezekwa kwa mabati, ambavyo vilijengwa miaka ya karibuni kwa kuwa mabati hayahitaji kubadilishwa kama makuti, vilikuwa vinawaivisha pupa siku kadhaa mapema kuliko vya makuti chini ya mwembe. Mdudu hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hukua kwa kasi ya joto linalomzunguka, na mwezi wa Machi, wakati kaskazi imekwisha na kusi haijashika, hewa ya Malindi haina pumziko mchana wala usiku. Siku ya kukusanya pupa ilikuwa moja kwa wiki, na ratiba hiyo ilipangwa miaka ambayo pupa alichukua muda mrefu zaidi. Kikundi kiliamua kukusanya mara mbili kwa wiki, kurudisha makuti, na kutundika magunia yaliyoloweshwa upande wa upepo.

Uamuzi wa tano, baada ya siku ile ya kuni, ulikuwa kuacha kuhesabu vipepeo na kuanza kuhesabu majani. Kila Jumamosi watu wawili walipita kijia kilekile na kuandika ni miti mingapi ya Deinbollia ina majani machanga, mingapi ina majani makavu na mingapi imepukutika. Pamoja na hesabu hiyo, mbegu za matunda yaliyoanguka zilikusanywa zikaoteshwa kwenye kitalu, ili kila mfugaji awe na miti yake nyumbani.

Matokeo

Tatizo la pupa kupasuka njiani lilikwisha karibu lote ndani ya miezi miwili, na malalamiko ya mnunuzi yakakoma. Hilo ndilo fanikio letu lisilo na utata.

Miche ya kwanza ya Deinbollia ilikufa. Tuliipanda Februari 2023, kwenye uwanja wazi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi na ndipo tulipoweza kuimwagilia kwa urahisi. Mti uliozoea kukua chini ya mirefu uliwekwa juani katika mwezi wa jua kali, na hilo ni kosa langu la kwanza, maana nilikuwa nimeuona mti huo ukikua kivulini maisha yangu yote na bado sikufikiri. Masika yaliyofuata tulipanda tena, safari hii chini ya mikorosho na miembe, karibu na visima, na shina la kila mche likafunikwa majani makavu. Mingi ya hiyo ilishika.

Vuli ya 2023 ikaleta kinyume chake. Mvua za El Niño zilinyesha hata mashamba yakageuka madimbwi, na miche iliyokuwa mabondeni ikaoza mizizi. Lakini msituni kila mti ulichipua. Mwezi wa Desemba makundi makubwa ya vipepeo weupe yalipita kijijini siku nne mfululizo, na watu wakaja mbio kuniambia kwamba wamerudi. Ilinibidi nieleze kwa masikitiko kwamba wale weupe ni wasafiri wa nyikani, ambao huzaana kwa kasi mvua ikinyesha kwenye nchi kavu na kisha kusafiri kwa maelfu, na kwamba kuwapo kwao hakusemi lolote juu ya kipepeo anayeogopa kutoka kivulini.

Kipepeo wa kivulini mwenyewe alirudi polepole, akachelewa zaidi ya kizazi kimoja nyuma ya majani. Alionekana kwanza kwenye kijia cha bondeni, kisha kando yake, na mwanzoni mwa 2024 akaonekana kwenye mashamba ya wafugaji watatu yanayopakana na msitu, akitaga kwenye miche yetu wenyewe bila kuitwa. Katika mashamba mengine mawili, yenye miche mizuri kuliko hiyo, hakuonekana hata mmoja. Kati ya mashamba hayo mawili na msitu kuna uwanja wa mahindi usio na mti, ambao mtu huuvuka kwa dakika tano.

Uchambuzi: kwa nini hakuhama

Nianze na kosa langu la pili, lile la mkutanoni. Habari niliyoitoa ilikuwa ya kweli mahali ilikotoka. Mwaka 1996 mtafiti Camille Parmesan alionyesha kwamba kipepeo mmoja wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, Euphydryas editha, alikuwa anatoweka zaidi upande wa kusini wa eneo lake na kwenye nyanda za chini kuliko kaskazini na milimani. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichunguza aina 35 za Ulaya zisizohama kwa msimu, wakakuta kwamba asilimia 63 zilikuwa zimesogeza eneo lao kuelekea kaskazini kwa kilomita 35 hadi 240 katika karne ya ishirini, na asilimia 3 tu zilisogea kusini. Ulaya, kipepeo anayezuiwa na baridi hufunguliwa mlango wa kaskazini joto linapoongezeka.

Nilichokosea ni kuuchukua mlango huo na kuuweka Malindi. Hapa, nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, mtu akienda kaskazini hakutani na baridi. Akivuka mto Sabaki na kuendelea kuelekea Garsen hukutana na joto lilelile na mvua iliyo pungufu. Akienda magharibi hukutana na nyika. Mashariki ni bahari. Juu hakuna pa kupanda, kwa kuwa msitu wenyewe haufiki mita 300 kutoka usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 tu kwa kila mita 100 za kupanda. Milima ya Taita inazidi mita 2,000, lakini kati yake na sisi kuna nyika ya Tsavo, ambayo kipepeo wa kivulini haivuki. Msitu wa Dakacha, ng'ambo ya Sabaki, ungeweza kuwa hifadhi ya pili kwa baadhi ya viumbe wa mirihi, lakini unakatwa kwa makaa na mashamba, na katikati hakuna kivuli cha kumfikisha.

Kwa hiyo mdudu wa namna hii hahami, bali hubanwa. Eneo lake hupungua kutoka ndani, shimo kwa shimo, huku ramani ikiendelea kumwonyesha msitu mzima kuwa wake. Mtu anayetazama mpaka wa nje wa msitu atasema hakuna kilichobadilika, na anayetembea kijiani ataona kwamba makazi yamebaki mabonde matatu.

Joto linaingiaje hapo, kama tatizo ni ukame? Ni swali la haki, na msimu mmoja mbaya haupaswi kuitwa mabadiliko ya tabianchi kila unapotokea. Lakini kuhusu ukame wa 2020 hadi 2022, watafiti wa World Weather Attribution, kundi la wanasayansi wanaopima mchango wa ongezeko la joto duniani katika majanga ya hali ya hewa, walichapisha mwaka 2023 uchunguzi wao wa kusini mwa Ethiopia, kusini mwa Somalia na mashariki mwa Kenya, wakahitimisha kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu liliufanya ukame wa udongo na mimea uwe na uwezekano mkubwa zaidi kwa takriban mara 100. Sababu waliyoitaja haikuwa upungufu wa mvua peke yake. Hewa yenye joto zaidi hunyonya maji zaidi kutoka ardhini na kwenye majani, kiasi kwamba mvua ileile duni, katika dunia isiyopata joto la ziada, isingeleta ukame wa namna ile. Sikuwa na namna nzuri ya kulieleza jambo hili kikundini hadi nilipolishika jani la Deinbollia mkononi, jani ambalo lilikuwa hai lakini limekauka. Nadhani watu wengi wanaotetea vipepeo wanatazama joto linavyomgusa kipepeo mwenyewe, na wanasahau kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake yeye ni kiwavi, na maisha ya kiwavi ni jani.

Uchambuzi: mlimau ulivyotupotosha

Katika daftari la 2022, jumla ya pupa waliouzwa ilikaribia ile ya mwaka mzuri kabla ya korona. Mtu wa nje angesema kikundi kimepona. Jumla hiyo ilificha ukweli kwamba karibu pupa wote walikuwa wa aina moja, ile inayoishi popote penye mlimau, kuanzia uani Malindi hadi Lamu.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walichapisha habari za aina 46 za vipepeo ambazo Uingereza iko karibu na mpaka wao wa kaskazini, yaani wale ambao joto lilipaswa kuwanufaisha. Robo tatu yao walikuwa wamepungua. Waliopanuka walikuwa hasa wale wenye mabawa ya safari na wasiochagua makazi, na waliochagua walirudi nyuma kwa sababu makazi yao yalikuwa yamekatwa vipande vipande. Tulichokiona kwenye kijiji kimoja ni umbo hilohilo: hali ya hewa na mkono wa binadamu vikishirikiana humpunguza anayechagua na kumwongeza asiyechagua, na hesabu ya jumla haimwonyeshi aliyepungua. Kuanzia 2023 daftari letu lina ukurasa wa kila aina peke yake, na jumla haiandikwi kabisa.

Sisemi kwamba milimau ilikuwa kosa. Ililipa karo, na mwenye karo iliyolipwa ndiye aliyepata Jumamosi ya kwenda kuhesabu majani. Kosa lilikuwa kuiacha isomeke kama dalili ya afya ya msitu.

Uchambuzi: yaliyofaulu na yaliyoshindikana

Ubadilishaji wa siku za kukusanya ulifaulu kwa sababu ulitokana na tarehe zilizoandikwa, ukaliondoa suala kutoka kwenye tabia za watu na kuliweka kwenye paa. Kabla ya hapo familia mbili zilikuwa hazisemezani. Napenda wafugaji wengine walitilie maanani hili, kwa kuwa joto linaloongezeka kidogo kidogo hudhihirika kwanza kama ugomvi kati ya majirani.

Mapumziko ya utegaji hayakumrudisha mdudu, lakini yasingepaswa kuachwa. Idadi inapobanwa katika mabonde machache, mtego mmoja bondeni huchukua sehemu kubwa ya waliobaki. Kikundi sasa hakitegi bondeni miezi ya kiangazi hata kama oda imekuja.

Nyigu walikuwepo kweli, na vijana hawakukosea walichokiona. Viwavi wanaposongamana kwenye miti michache yenye majani laini, nyigu naye hana haja ya kutafuta mbali. Hiyo ni tafsiri yangu, wala hatukuifanyia jaribio.

Kilichoshindikana zaidi ni kupuuza ujuzi uliokuwemo. Mama yule alijua mwaka mzima kwamba miti ya kivulini imekauka, kwa sababu kuni zilikuwa nyepesi kuokota. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa mkutano uliitishwa kuzungumzia vipepeo naye hujihesabu mtu wa kuni. Tangu hapo mkutano huanza kwa swali moja kwa kila aliyeketi: umeona nini kijiani wiki hii?

Umbali wa uwanja wa mahindi ndilo jambo lililobaki mikononi mwetu. Miche ya mashamba yale mawili inaendelea vizuri bila mgeni yeyote juu yake, na mwenye uwanja ni mtu muungwana ambaye hafugi vipepeo na hana deni lolote kwetu. Mwenyekiti alimwendea na kahawa, si na karatasi. Aliomba mstari mmoja wa miti kwenye mpaka wa kaskazini wa uwanja, mikorosho kwanza, kwa sababu korosho ni mali ya mwenye shamba, na Deinbollia baadaye chini yake kivuli kikishapatikana. Mwenye shamba aliuliza itachukua miaka mingapi, akajibiwa ukweli, kwamba si chini ya minne. Alikubali upande mmoja, akakataa wa pili hadi aone. Mikorosho ilipandwa masika ya 2024, na mbegu za Deinbollia za msimu ule zimo kwenye kitalu cha yule mama, chini ya mwembe.